Buleteni Husomwa Kutoka Juu

Wadogo zangu, sogeeni karibu, na kila mmoja aje na buleteni yake. Hata wewe uliyeificha chini ya godoro. Leo hatugombezi mtu. Leo tunasoma karatasi hii ya pointi za shule ambayo wengi huishika mwaka hadi mwaka bila kuisoma. Jicho hushuka moja kwa moja mpaka chini, linatafuta asilimia, linatafuta nafasi, basi, karatasi inakunjwa na kelele zinaanza. Mama anauliza, "Ulipata ngapi?" Baba anauliza, "Uko wa ngapi? Na mu klase muko bangapi?" Hakuna anayeuliza namba zile zimetoka wapi.

Mimi nitaanzia juu.

Juu kabisa kuna jina la Jamhuri na la wizara. Inafuata provinsi, Haut-Katanga, ambayo ilizaliwa 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa. Halafu mji, Lubumbashi, na komuni: Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, kila mtu na kwao. Halafu jina la shule na visanduku vidogo vya namba. Kabla hatujaingia katikati, rukeni kwanza mpaka ukingo wa chini, kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Pale pameandikwa kwamba buleteni iliyofutwafutwa au kuandikwa juu ya maandishi haina thamani, na kwamba kuitengeneza nyingine inayofanana nayo ni kosa la kisheria. Walioandika onyo hilo walijua wanazungumza na nani. Katika kila kizazi kuna fundi wa biki anayeamini kwamba 3 ni 8 iliyosahau kumaliziwa. Fundi huyo hasaidiki, kwa sababu pointi zake haziishi kwenye buleteni peke yake: mwalimu wa somo anazo kwenye daftari lake, na shule inabaki na orodha yake. Karatasi mliyo nayo mkononi ni nakala tu ya habari ambayo wengine wanaijua tayari.

Sasa tuingie katikati, kwenye ule msitu wa mistari.

Ninaeleza buleteni ya semesta mbili, ile ambayo yaya zenu na wazazi wenu waliishika kwa miaka mingi. Upande wa kushoto masomo yamepangwa kwenda chini. Kwenda kulia ziko safu: periodi ya kwanza, periodi ya pili, mtihani, jumla ya semesta. Kisha periodi ya tatu, ya nne, mtihani tena, jumla tena, na mwisho jumla ya mwaka mzima. Pointi za periodi ni zile zilizokusanywa siku kwa siku: intero ya dakika kumi mwalimu aliyowashtukizia nayo Jumatatu asubuhi, kazi ya nyumbani, swali la ubaoni. Mtihani ni ule wa mwisho wa semesta, wa kukaa kimya na kuandika.

Na kabla ya masomo, karibu na ukingo wa kushoto, kuna neno dogo ambalo ndilo linalotawala karatasi nzima: maksima. Maksima ni pointi nyingi kuliko zote ambazo somo linaweza kukupa. Masomo hayana maksima sawa. Lipo la kumi, lipo la ishirini, lipo la arobaini au hamsini, na kwenye buleteni masomo yenye maksima moja hukaa pamoja katika kundi lao. Mwenye kuelewa mstari huo ameelewa nusu ya mambo yote nitakayosema leo.

Nitawapa watoto wawili wa kubuni, msije mkawatafuta Katuba. Wa kwanza tumwite Furaha. Wa pili anakaa naye dawati moja, tumwite Eli. Ili hesabu isitutoe jasho, tuseme darasa lao lina masomo manne tu: Dini yenye maksima 10, Historia yenye 20, Hesabu yenye 50 na Kifaransa chenye 50. Jumla ya maksima kwa periodi moja ni 130.

Furaha amepata 9 kwa Dini, 16 kwa Historia, 20 kwa Hesabu, 27 kwa Kifaransa. Jumlisheni. Ni 72 juu ya 130, yaani asilimia 55 na kitu.

Eli amepata 4 kwa Dini, 8 kwa Historia, 33 kwa Hesabu, 35 kwa Kifaransa. Hiyo ni 80 juu ya 130, asilimia 61 na nusu.

Eli ameanguka masomo mawili kati ya manne, na bado amempita Furaha, ambaye ameanguka moja tu. Furaha analia, "Si haki!" Ngoja tumsikilize kwanza. Tukiyachukua masomo yote kuwa na uzito mmoja, kila moja likahesabiwa juu ya mia, Furaha ana 90, 80, 40 na 54. Wastani wake ni 66. Eli ana 40, 40, 66 na 70, wastani 54. Watoto ni walewale, majibu ni yaleyale, hata wino haujakauka, lakini sasa Furaha yuko mbele kwa pointi 12. Kilichobadilika ni maksima peke yake. Mama muuza unga wa sokoni anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: ukibadilisha mawe ya mizani, gunia lilelile linatoa kilo nyingine.

Basi nani aliyeamua kwamba Hesabu iwe na jiwe la hamsini? Si mwalimu wa Hesabu, ingawa ukimwangalia anavyotembea unaweza kufikiri ni yeye. Huamuliwa juu, kwenye programu ya taifa, na huamuliwa kwa kila opsio peke yake. Kwa hiyo mtoto anapomaliza darasa la nane la elimu ya msingi na kuingia humanite, ile sekondari ya juu, akachagua sayansi au pedagojia au biashara au ushonaji au umeme, hachagui masomo tu, anachagua pia mawe ya mizani. Penye opsio ya hesabu na fizikia, Hesabu inabeba mzigo mkubwa. Penye pedagojia, mzigo unahamia kwingine. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakiburuta mkia wakahama opsio na kuanza kung'aa, na mtaa mzima ukasema wamepata akili. Akili walikuwa nayo tangu zamani. Bahati mbaya ni kwamba opsio mara nyingi huchaguliwa kwa kufuata rafiki, au kwa sababu baba ameshasema nyumbani kwake atatoka injinia.

Turudi kwa Furaha, kwa sababu hajamaliza kulia. Kwenye Hesabu amepata 20 juu ya 50, na namba hiyo imepigiwa mstari mwekundu. Kile chekundu ndicho mama atakachokiona kutoka mlangoni. Lakini tazameni safu ya mtihani: maksima yake ni mara mbili ya periodi. Somo la 50 kwa periodi lina 100 kwa mtihani. Kwa hiyo semesta nzima ya Hesabu ni 50, jumlisha 50, jumlisha 100, yaani 200, na mwaka mzima ni 400.

Tuseme periodi ya pili Furaha anapata 24. Bado ni nyekundu. Kisha anaingia kwenye mtihani na kutoka na 62 juu ya 100. Jumla yake: 20, na 24, na 62, ni 106 juu ya 200. Amepita Hesabu ya semesta, asilimia 53, ingawa periodi zote mbili alianguka. Kwa mwaka mzima anahitaji 200 juu ya 400, na tayari ana 106 mkononi, kwa hiyo zimebaki 94 za kutafuta kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka.

Sheria hiyo ina upande wa pili. Yule aliyelala usingizi kwa sababu periodi mbili zilikuwa tamu anaweza kuamshwa vibaya. Mtihani mmoja una uzito wa periodi mbili kamili. Malaria ya wiki moja, ikija wiki hiyo, inakula nusu ya semesta. Mimi naona mzigo huo umeegemea mno upande mmoja, na ningependa intero ndogondogo zihesabiwe zaidi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha mtoto anavyojifunza kidogo kidogo. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa tushuke kwenye mistari ya chini. Kuna maksima ya jumla, jumla yako, asilimia yako. Hamsini ndiyo mpaka. Desturi hii ya kuhesabu juu ya mia na kuweka mlango kwenye hamsini tuliirithi kutoka kwa shule za Wabelgiji, na mji huu umezijua mapema: Lubumbashi ilianza 1910 kwa jina la Elisabethville, na mapadri Wasalesiani walifika 1911. Shule yao ya Saint-François de Sales ndiyo ninyi mnaiita leo Imara. Wabelgiji waliondoka, majina ya shule yakageuka, hamsini ikabaki palepale.

Chini ya asilimia kuna mistari miwili ambayo haina namba bali herufi: bidii na mwenendo. E ni bora kabisa, TB ni vizuri sana, B ni vizuri, AB ni vizuri kiasi, M ni hafifu, MA ni mbaya. Herufi hizi haziingii kwenye asilimia hata kidogo. Unaweza kuwa wa kwanza darasani na mwenendo wako ukawa M, na mkurugenzi wa nidhamu akakuita ofisini wakati wenzako wanakupigia makofi.

Na kuna nafasi. Wa 3 kati ya 54. Wa 41 kati ya 54. Ninyi nyote mmeutazama mstari huo kwanza, msinidanganye. Nafasi haisemi unajua nini. Inasema nani amekaa karibu nawe. Mtoto mwenye asilimia 58 anaweza kuwa wa pili katika shule moja na wa ishirini katika shule iliyo barabara mbili mbele. Akihamishwa mwezi wa tisa, anashuka ngazi kumi na nane bila kusahau hata kitu kimoja. Nchini Kenya, wizara ilipiga marufuku mwaka 2014 kupanga shule kwa nafasi katika mitihani ya taifa, baada ya miaka mingi ya magazeti kujaza kurasa kwa orodha hizo. Kwetu, baba hajapigwa marufuku na mtu kuuliza "uko wa ngapi?"

Mmoja wenu ataniuliza: je, zile pointi zenyewe ni za kweli? Mwalimu akiandika 27, ni 27 kwelikweli?

Swali hilo lilijaribiwa zamani, mbali na hapa. Mwaka 1912 na 1913, nchini Marekani, watu wawili walioitwa Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi ya mtihani ya mwanafunzi mmoja, wakatengeneza nakala, wakaipeleka kwa walimu zaidi ya mia moja wa shule mbalimbali. Karatasi ni moja, majibu ni yaleyale. Kila mwalimu aliombwa aisahihishe juu ya mia. Walianza na karatasi za Kiingereza, na pointi zikatawanyika. Watu wakasema, aa, hiyo ni lugha, kila mtu na ladha yake, jaribuni hesabu muone. Wakajaribu jiometria. Mwalimu mmoja alitoa pointi chini ya 30, mwingine akatoa zaidi ya 90, kwa karatasi ileile. Mmoja alikata pointi kwa mwandiko mbaya, mwingine hakujali mwandiko. Mmoja alitaka hatua zote zionekane, mwingine alitazama jibu la mwisho.

Kwa hiyo mwalimu anapoandika 27, kuna jibu lako ndani yake na kuna yeye mwenyewe ndani yake. Wengi hujitahidi kwa haki, na mwalimu mwenye karatasi za darasa la watoto hamsini na kitu, umeme ukikatika saa moja jioni, anastahili heshima zaidi kuliko lawama. Lakini wapo, na mnawajua kwa majina, wanaotaka pombe au pesa ndipo pointi ziongezeke, na wapo wanaowatazama wasichana kwa jicho lisilo la ualimu. Pointi ya namna hiyo ni wizi, na mwizi ni yeye, si mtoto. Akikuambia hivyo, nenda kwa mama, kwa shangazi, kwa prefe mkuu wa shule, kwa mtu mzima yeyote unayemwamini, siku hiyohiyo.

Kwa kuwa tumeshavuka bahari, tusikimbilie kurudi. Kugawa wanafunzi kwa mafungu si jambo la jana. Mwaka 1785 mkuu wa chuo cha Yale, Ezra Stiles, aliandika kwenye shajara yake kwamba amewapima wanafunzi 58 na kuwaweka katika mafungu manne kwa Kilatini: 20 walio bora kabisa, 16 wanaowafuata, 12 wa chini, na 10 wabaya zaidi. Hakuwa na asilimia wala buleteni, ila alijua, kama baba zenu, nani yuko juu ya nani.

Lakini kwa mtoto wa Lubumbashi, nchi ya nje iliyo karibu haiko ng'ambo ya bahari. Iko Kasumbalesa, chini ya kilomita 100 kwa barabara, pale malori ya shaba yanapopanga foleni. Vuka mpaka uingie Zambia, ukaulize mtoto aliyefanya mtihani wa mwisho wa sekondari. Atakuambia kwa furaha, "Nimepata moja!" Usimpe pole. Kwao kwa miaka mingi somo limepimwa kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora kabisa, 9 ni kuanguka. Wakijumlisha masomo sita bora, mwenye jumla ya pointi 6 amegusa dari. Huku kwetu mwenye pointi 6 mwaka mzima angetafutiwa daktari.

Tanzania nao wanahesabu kwa kushuka. Kidato cha nne, A ni pointi 1 na F ni pointi 5. Huchukuliwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, na mwenye pointi 7 hadi 17 yuko divisheni ya kwanza. Kenya wanapanda: A ni pointi 12, E ni pointi 1, kisha hutafutwa wastani. Jambo la kuangalia ni hilo neno "bora". Tanzania na Zambia, somo lililokushinda sana linaweza kuachwa nje ya jumla. Kwenye buleteni yetu hakuna somo linaloachwa. Dini yenye 10 imo, Hesabu yenye 50 imo, michezo imo. Mwenye kipaji kimoja kikubwa huumia kwetu. Mwenye kujua kila kitu kidogo kidogo hupeta.

Nyumbani sasa, mwisho wa mwaka. Karatasi za mtihani zimesahihishwa, na walimu wanakaa pamoja kufanya deliberasio. Hapo ndipo namba zinapokutana na watu. Mtoto mwenye asilimia 49 anazungumziwa: alikosa masomo kwa sababu gani, somo gani limemwangusha, alipanda au alishuka tangu mwezi wa tisa. Mwisho wa buleteni kuna maneno yaliyochapwa tayari, na kazi ni kufuta yasiyohusika: anapita, anarudia darasa, au hatapita mpaka afaulu mtihani wa repeshaje katika masomo fulani. Repeshaje si aibu. Ni mlango wa pili, unaofunguliwa kabla ya mwaka mpya kuanza, kwa yule ambaye somo moja au mawili yamemkwamisha.

Kisha inakuja proklamasio, ambayo kwa desturi ni tarehe 2 mwezi wa saba. Wazazi wamejaa uani, mama wamevaa liputa zao nzuri, jua la baridi la Katanga linawaka bila kuchoma. Prefe anashika kipaza sauti kinachopiga mluzi. Anaanza na wa kwanza, anataja asilimia, vigelegele. Wa pili, wa tatu. Kadiri namba zinavyoshuka ndivyo makofi yanavyopungua, na kuna mahali orodha inaishia huku watoto wengine bado wamesimama wakisubiri jina. Kama mkubwa fulani angenipa ruhusa ya kubadilisha jambo moja tu, ningebadilisha hilo. Asilimia ya mtoto wa miaka kumi na minne si tangazo la soko. Apewe bahasha yake.

Wapo pia ambao hawapati karatasi kabisa siku hiyo. Minervali, ile ada ya shule, haijalipwa, buleteni imebaki ofisini. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, lakini sekondari wazazi bado wanalipa. Mtoto anaweza kuwa na asilimia 70 na asiwe na cha kumwonyesha mtu. Pointi zake zipo salama kwenye orodha ya shule, hilo limfariji kidogo. Deni ni la wazazi na shule.

Hayo yote ni ya ndani ya shule. Mwaka wa mwisho wa humanite kuna mpimaji mwingine anayekuja, asiyekujua jina, asiyejua kama mwandiko wako unapendeza au kama uliwahi kumjibu vibaya mkurugenzi wa nidhamu. Ni Exetat, mtihani wa taifa, uliopo tangu 1967. Kabla ya hapo hapakuwa na kipimo hiki kimoja kwa nchi nzima. Pointi bora za shule ya Kisangani na pointi bora za shule ya Likasi zilikuwa vitu viwili tofauti.

Kwa siku nne za sesio ya kawaida mnafanya maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsio. Maswali mengi ni ya kuchagua: swali moja, majibu matano, unaandika namba ya jibu sahihi, na mashine inasoma. Mkumbuke Starch na Elliott. Mashine haina hasira, haina shemeji, haioni mwandiko. Ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba haioni pia njia uliyopita. Ukikokotoa ukurasa mzima kwa akili safi na kukosea alama moja ya kutoa mwishoni, kwake wewe na aliyebahatisha ni sawa. Na aliyebahatisha, kati ya majibu matano, ana nafasi moja kati ya tano kila mara. Akibahatisha maswali yote atazunguka karibu na ishirini juu ya mia. Hamsini iko mbali na hapo, kwa hiyo mwenye kutegemea bahati ajipange. Kutazama kwa jirani nako hakufai sana, kwa sababu maswali hupangwa kwa seria tofauti: swali lake la tatu si swali lako la tatu. Insha ya Kifaransa hufanywa mapema, kabla ya siku hizo nne, na inasahihishwa na watu. Wanafunzi wa ufundi wana kazi ya mikono mbele ya majaji.

Matokeo zamani yalisomwa redioni, watu wameinamia transista. Siku hizi kila mtahiniwa ana msimbo mrefu wa namba, anautuma kwa simu, ujumbe unarudi. Na ujumbe ukirudi vizuri, mnajua kinachofuata: poda nyeupe kichwani, poda usoni, poda kwa mama, poda kwa jirani aliyepita tu kununua mkate. Barabara ya kwenda komuni ya Kenya inajaa honi. Hakuna anayeuliza siku hiyo ni asilimia 51 au 71. Diploma nyingi zina hamsini na kitu, na poda ni ileile.

Baadaye huuliza. Mwenye diploma akipanda kwenda UNILU, chuo kikuu chetu kilichoanzishwa 1955, atakuta baadhi ya fakulte zinampima upya kabla ya kumpokea, na huko, katika mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora), somo huhesabiwa juu ya ishirini, na mpaka ni kumi. Hamsini na tano yake imekuwa kumi na moja. Asishtuke.

Sasa mfanye jambo moja kabla hamjaondoka. Kila mmoja atafute intero na kazi zake za periodi hii, zile zilizosahihishwa na kurudishwa, hata zilizofungia karanga kama bado zinasomeka. Ziwekeni kwa somo, mjumlishe, mlinganishe na kilichoandikwa kwenye buleteni. Walimu huandika mamia ya namba kwa mkono, na namba huruka mstari. Ukikuta 17 yako imeandikwa 11, usimwambie rafiki, usiandike ukutani. Chukua karatasi yenyewe, nenda kwa mwalimu wa somo, mwambie kwa adabu, "Mwalimu, naomba tuangalie hapa." Akikubali, atasahihisha kwenye daftari lake kwanza, ndipo kwenye buleteni na saini yake. Akikataa, nenda kwa titulere, mwalimu msimamizi wa darasa lako. Na uende kabla ya deliberasio, kwa sababu walimu wakishakaa na kuamua, kuifungua tena hesabu ya mtoto mmoja ni kazi ya wiki.